Kama wote walikuwa wezi, nani alimlinda nani? Wizi katika koloni la wafungwa la New South Wales

Mwalimu mmoja wa historia, wa Tanga, ameniandikia hivi: "Nilikuwa nafundisha kidato cha tatu habari za makoloni ya Waingereza. Nikawaambia kwamba koloni la kwanza la Australia lilianza kama mahali pa kutupia wezi. Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: mwalimu, kama wote walikuwa wezi, huko walikuwa wanamwibia nani, na mlinzi alikuwa nani? Nilikosa jibu. Tena nimesikia kwamba watu walinyongwa kwa kipande cha mkate. Ni kweli?"

Mwalimu, huyo mwanafunzi mpe hongera. Swali lake ndilo lililowakosesha usingizi magavana wa Sydney, mji mkuu wa koloni hilo la New South Wales, kwa miaka hamsini. Jibu la haraka ni kwamba wizi haukukoma hata wiki moja. Wafungwa waliibiana wenyewe kwa wenyewe, waliwaibia mabwana zao, waliiibia serikali, na waliowekwa kuwalinda walikuwa wezi wenzao, wa zamani au wa wakati huohuo. Lakini jibu la haraka halimsaidii mtu darasani, kwa hiyo nivumilie nieleze kwa kirefu.

Naanza na ufunguo uliovunjika. Machi 1789 Sydney ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi miwili. Mashamba yalikuwa bado hayajatoa kitu cha maana, na watu zaidi ya elfu moja walikuwa wakiishi kwa posho: unga, nyama ya chumvi, njegere, siagi kidogo, vyote vimekuja kwa merikebu kutoka Uingereza, safari ya miezi minane. Posho yote ilikuwa ghalani, na ghala lilikuwa na makufuli na askari mlangoni usiku kucha. Asubuhi moja mkuu wa ghala alikwenda kufungua kama kawaida yake, akakuta kipande cha ufunguo kimevunjikia ndani ya kufuli. Akakichukua, kikapelekwa kwa mfungwa mmoja aliyekuwa mhunzi. Mhunzi kukitazama tu akasema ufunguo huu naujua, ni wa askari wa majini Joseph Hunt.

Hunt aliona kitanzi kinamjia, akachagua kusema yote. Ikajulikana kwamba kikundi cha askari kilikuwa kimejitengenezea funguo za ghala, na kwa miezi kadhaa walikuwa wakichota pombe na chakula. Mbinu yao ilikuwa hivi: zamu ya kulinda ikimwangukia mmoja wao, wenzake wanakuja, anawaingiza ndani, kisha anafunga kufuli na kusimama wima nje. Doria ikipita inakuta mlango umefungwa, mlinzi yuko macho, kila kitu shwari. Tarehe 27 Machi 1789 askari sita walinyongwa. Hunt aliachiwa kwa sababu alitoa ushahidi.

Tafakari kidogo hapo. Hawa hawakuwa wafungwa, walikuwa askari walioletwa kuwalinda wafungwa. Na aliyeutambua ufunguo alikuwa mfungwa.

Agosti mwaka huohuo Gavana Arthur Phillip akaunda ulinzi wa usiku wa watu kumi na wawili, na wote kumi na wawili walikuwa wafungwa. Mji uligawanywa mitaa minne, kila mtaa watu watatu, wazunguke usiku wakimkamata yeyote anayeranda bila sababu. Ukitaka wanafunzi waelewe upesi, waambie ni kama sungusungu, ila sungusungu waliookotwa kutoka miongoni mwa wale wanaoshukiwa. Wanahistoria wengi wanauhesabu kuwa ndio polisi wa kwanza wa Australia. Kazi waliifanya vizuri mno, hata wakamsimamisha askari wa majini aliyekutwa nje usiku. Mkuu wa askari hao, Meja Robert Ross, alikasirika sana: itakuwaje mfungwa amkamate askari wa mfalme? Gavana ikabidi alegeze amri.

Sasa kipande cha mkate. Kuna mambo mawili hapa, na naomba uyatenganishe. Watu waliohukumiwa Uingereza wakapelekwa Australia hawakuwa wote wameiba mkate kwa njaa. Wengi waliiba nguo, vitambaa, leso za mfukoni, vyombo vya bwana waliyemfanyia kazi, kuku, kondoo, farasi. Baadhi walikuwa wezi wa kazi, wengi zaidi walikuwa vibarua na watumishi walioiba mara moja mbili tatu katika maisha ya kubahatisha. Katikati ya karne ya 20 wanahistoria walipenda kuwaona kama tabaka zima la wahalifu sugu. Kuanzia miaka ya 1980 wengine walipekua orodha za meli, jina kwa jina na ufundi kwa ufundi, wakaona maseremala, wahunzi, wafumaji na wachunga ng'ombe, watu wa kawaida kabisa wa tabaka la chini. Mimi nawaamini hawa wa pili, kwa sababu walihesabu.

Lakini ndani ya koloni lenyewe, ndiyo, watu walinyongwa kwa chakula. Thomas Barrett alinyongwa tarehe 27 Februari 1788, mwezi mmoja tu baada ya watu kushuka pwani, kwa kuiba siagi, njegere na nyama ya nguruwe ghalani. Siku chache baadaye mfungwa mwingine, James Freeman, alihukumiwa kifo kwa kuiba unga. Akasimamishwa chini ya mti wa kunyongea, kisha akapewa msamaha kwa sharti moja: awe mnyongaji wa koloni. Akakubali. Ndivyo koloni lilivyompata mnyongaji wake, kwa ratili chache za unga.

Mwaka 1790 hali ilifika pabaya. Merikebu ya mizigo iliyotarajiwa iligonga barafu njiani, na Aprili posho ya wiki nzima ikashushwa hadi kilo moja na kidogo ya unga, chini ya kilo moja ya nyama ya nguruwe ya siku nyingi na chini ya kilo moja ya mchele. Mfungwa mmoja alikamatwa akiiba viazi bustanini. Adhabu yake: viboko 300, kufungwa mnyororo miezi sita pamoja na wafungwa wengine wawili, na kunyimwa unga miezi hiyohiyo sita. Afisa Watkin Tench aliyeiandika habari hiyo hakuificha huzuni yake kwamba adhabu zilifikia huko. Wahenga wetu walishasema mwenye njaa hana miiko, na serikali ya Sydney ilijibu njaa kwa kumpunguzia mwenye njaa chakula.

Kulikuwa na mtu mmoja ambaye ningependa wanafunzi wako wamjue, kwa sababu ana asili ya upande wetu wa dunia. Aliitwa John Caesar, mtu mweusi, na inadhaniwa alizaliwa Madagascar. Alihukumiwa huko Kent, Uingereza, mwaka 1786 kwa kuiba pauni 12, miaka saba ng'ambo. Alikuwa mtu wa miraba minne, mchapakazi kuliko wote, na posho ya mtu mmoja haikumtosha. Akaiba chakula, akachapwa, akatorokea porini na bunduki, akarudi, akatoroka tena. Aliuawa kwa risasi Februari 1796. Anahesabiwa kuwa wa kwanza katika historia ndefu ya majambazi wa porini wa Australia.

Karne ya 19 ilipoanza njaa ilikuwa imepungua, na wizi ukabadilika sura. Hapa ndipo penye utamu, na ndipo vitabu vingi vya shule vinaparuka.

Kwanza, nyumba. Sydney ya mwanzo ilijengwa kwa fito na udongo, paa la nyasi au vigae vya mbao, dirisha lina ubao bila kioo. Hata matofali yalipokuja, chokaa ilikuwa shida, maana karibu na mji hapakuwa na mawe ya chokaa. Walichoma magamba ya chaza kuipata, kama watu wa pwani yetu wanavyochoma matumbawe. Wewe wa Tanga unajua ukuta wenye chokaa haba unavyokuwa. Mwizi hakuhitaji kuhangaika na mlango. Alitoboa ukuta, au alishuka kwa dohani, au alinyanyua ubao wa dirisha.

Pili, fedha. Sarafu zilikuwa adimu kiasi kwamba mwaka 1813 Gavana Lachlan Macquarie alichukua dola za fedha 40,000 za Kihispania akazitoboa katikati, pete ikawa sarafu moja ya shilingi tano na kiini kikawa nyingine ya senti kumi na tano za Kiingereza, ili zisitoke nje ya koloni. Kabla ya hapo, na hata baadaye, watu walilipana kwa pombe kali, chai, sukari, tumbaku na nguo. Ndiyo maana magazeti ya wakati ule yamejaa habari za shati lililoibwa kwenye kamba ya kuanikia, bata wawili, gora la kitambaa, furushi la sukari. Msomaji wa leo anaviona vitu vidogo. Shati lilikuwa pesa. Mtu aliyeiba shati jioni aliweza kulinywa kabla ya usiku wa manane kwenye kilabu cha pombe ya magendo huko The Rocks, ule mtaa wa miamba juu ya bandari, na asubuhi shati liko mgongoni mwa baharia anayeelekea Uchina au Bengali.

Hapo utaona kwamba mwizi peke yake hafiki mbali bila mtu wa kupokea. Serikali iliweka alama ya mshale mpana kwenye nguo na zana zake zote, ikakataza watu kununua nguo za wafungwa, ikawatoza faini na kuwafunga wapokeaji. Haikusaidia sana. Wenye vilabu waliishi kwa biashara hiyo, na konstebo aliyekuja kupekua mara nyingi alikuwa mteja.

Tatu, malazi. Mpaka 1819 wafungwa wengi wa kiume waliofanya kazi za serikali mjini hawakuwa na gereza la kulala. Walimaliza kazi alasiri, saa zilizobaki walifanya vibarua ili walipe kodi ya chumba cha kupanga. Maana yake ni kwamba mamia ya wanaume waliohukumiwa kwa wizi walikuwa huru mjini kila usiku, wakidaiwa kodi. Macquarie akajenga kambi ya Hyde Park, ghorofa tatu za matofali, mchoro wa Francis Greenway, naye mfungwa aliyeletwa kwa kughushi. Ilifunguliwa Juni 1819, ikalaza wanaume karibu 600 kwenye machela za turubai. Baadaye Macquarie aliiandikia serikali ya London kwa furaha kwamba wizi wa usiku na uvunjaji wa nyumba haukufika hata sehemu ya kumi ya ule wa zamani.

Sina hakika kama hesabu yake ilikuwa sahihi hivyo, kwa sababu alikuwa anatetea jengo alilolijenga bila kuomba ruhusa kwanza. Lakini wazo lake lilikuwa zuri kuliko viboko 300. Alielewa kwamba mtu anaiba usiku kwa sababu usiku yuko nje, ana deni na ana mnunuzi. Ndani ya kambi wizi haukuisha, waliibiana mashati na mablanketi. Ushahidi mzuri zaidi wa maisha ya humo umehifadhiwa na panya! Walikuwa wanakokota vitambaa, karatasi na takataka kwenda kutengenezea viota chini ya mbao za sakafu, na wanaakiolojia walipofungua sakafu hizo karne ya 20 walikuta maelfu ya vitu, likiwemo shati la mfungwa la mistari ya buluu.

Sasa turudi kwa nani alimlinda nani, maana majina yenyewe yanasema kuliko maelezo yangu. Henry Kable alihukumiwa kifo Uingereza mwaka 1783 kwa kuvunja nyumba pamoja na baba yake. Baba alinyongwa, mwana akabadilishiwa adhabu akaletwa na merikebu za kwanza. Mwaka 1788 yeye na mkewe Susannah walimshtaki nahodha wa merikebu kwa kupotea kwa furushi lao la vitu walilochangiwa na watu wema wa Uingereza. Kwa sheria ya Kiingereza mtu aliyehukumiwa kifo hakuwa na haki ya kufungua kesi wala kumiliki mali. Mahakama ya Sydney iliwasikiliza hata hivyo, ikawapa pauni 15. Hiyo ndiyo kesi ya kwanza ya madai katika nchi ile: mvunja nyumba anadai mali yake, na anashinda. Baadaye Kable akawa konstebo mkuu wa Sydney, cheo alichovuliwa mwaka 1802 kwa makosa, kisha akawa tajiri wa meli.

D'Arcy Wentworth, aliyekabidhiwa polisi wa Sydney na Macquarie mwaka 1810, mji ukagawanywa wilaya tano zenye vituo vya ulinzi, aliwahi kusimama kizimbani London zaidi ya mara moja kwa unyang'anyi wa barabarani, akaachiwa, ndipo akapanda meli kwenda Sydney kama tabibu. George Howe, mhariri wa gazeti la kwanza la koloni lililoanza Machi 1803, aliyekuwa akichapisha habari za nyumba zilizovunjwa na kuwaonya watu wafunge madirisha, aliletwa kwa wizi wa dukani. Mary Reibey aliiba farasi akiwa na miaka 13, amevaa nguo za kiume na kujiita jina la kiume. Akafika Sydney mwaka 1792, akawa mwanamke mfanyabiashara mkubwa kuliko wote mjini. Sura yake leo iko kwenye noti ya dola 20 ya Australia. Ukiweza, ichapishe picha ya noti hiyo uipitishe darasani kabla hujasema neno.

Nieleze na sheria kidogo, kwa sababu bado inaishi kwetu. Sheria ya Kiingereza ilitofautisha wizi wa kawaida na kuvunja nyumba usiku. Wizi wa kitu cha senti kumi na mbili za Kiingereza kushuka chini ulikuwa wizi mdogo, ukizidi hapo ni wizi mkubwa, na mgawanyo huo ulifutwa Uingereza mwaka 1827. Wazee wa baraza waliomhurumia mtuhumiwa walikuwa wakishusha bei ya kitu makusudi, saa nzuri ikathaminiwa kwa senti kumi, ili mtu asife. Lakini kuvunja nyumba usiku kulibaki kosa la kunyongwa hadi miaka ya 1830. Na usiku ulipimwa vipi? Kama nuru ya jua haitoshi kuutambua uso wa mtu, huo ni usiku. Mbalamwezi haikuhesabiwa hata ing'ae namna gani. Fungua Kanuni ya Adhabu ya Tanzania au ya Kenya leo, utakuta uvunjaji wa nyumba wa mchana na wa usiku bado umetenganishwa, na wa usiku una adhabu nzito zaidi. Mzizi ni huohuo mmoja.

Kwenye mashamba mambo yalikwenda tofauti. Wafungwa wengi waligawiwa kwa mabwana binafsi, wafanye kazi kwa chakula na nguo bila mshahara. Mtumishi akidokoa chai au nyama, bwana hakuruhusiwa kumpiga mwenyewe. Alimpeleka kwa hakimu, na hakimu kwa kawaida alikuwa jirani mwenye shamba. Ukizipitia kesi hizo unaona kitu kinachochoma moyo: wizi uleule, mtu mmoja anapelekwa mahakama ya juu, mwingine anapigwa viboko hamsini kisha anarudi kazini siku hiyohiyo. Tofauti mara nyingi ilikuwa msimu. Wakati wa mavuno bwana hakutaka kumpoteza mtu kwa miezi ya kesi na jela, basi alipunguza shtaka ili ampate tena kesho yake. Uzito wa kosa ulipimwa kwa uhitaji wa mikono.

Wizi mkubwa kuliko wote ulitokea Septemba 1828, nao unastahili kusimuliwa vizuri. Benki ya Australia ilikuwa mtaa wa George, benki ya wenye ardhi na kondoo, watu waliojiona damu safi wasiotaka kuchanganyika na waliokuwa wafungwa. Chini ya jengo ulipita mfereji wa maji machafu. Mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi wa benki alijua mfereji unapopita, akawaeleza wenzake, kisha akajitoa kwa kuogopa kuwa atashukiwa wa kwanza. Wenzake, akiwemo mhunzi William Blackstone, James Dingle na George Farrell, waliingia mferejini wakachimba kidogo kidogo mwisho wa juma hadi mwisho wa juma, wakitoa jiwe baada ya jiwe kwenye msingi mnene wa benki. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 14 walitokeza ndani ya chumba cha hazina. Jumatatu makarani walipofungua, noti na sarafu za karibu pauni 14,000 zilikuwa zimekwenda.

Gavana Ralph Darling alitangaza zawadi ya fedha na msamaha kamili, lakini mji mzima ukanyamaza. Kuna wanaosema watu wa chini waliwafurahia wezi hao, na siwezi kushangaa. Lakini kuiba ni rahisi kuliko kuuza. Blackstone alimkabidhi fungu lake la noti mpokeaji mmoja aliyeitwa Woodward akambadilishie, Woodward akatoweka nalo. Za mwizi ni arobaini: Blackstone alishikwa kwa kosa jingine, akapelekwa kisiwa cha Norfolk, mahali palipoogopwa kuliko kifo, na mwaka 1831 akaamua kuwataja wenzake ili aokoke.

Kesi yao ndiyo inayonipendeza zaidi kama mtu wa nyaraka. Wakili wa utetezi alisimama na hoja ileile iliyokuwepo tangu kesi ya Kable: Blackstone ni mtu aliyehukumiwa, kisheria ni kama maiti, maiti haitoi ushahidi. Majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana wote juu ya hoja hiyo. Fikiria uzito wake katika nchi ambayo sehemu kubwa ya watu walikuwa wafungwa au waliowahi kuwa wafungwa. Ikikubaliwa, mashahidi wa karibu kila wizi wanakwisha. Ikikataliwa, mwizi anaweza kumtia mtu kitanzini kwa neno lake. Mwishowe Dingle na Farrell hawakunyongwa, walipelekwa Norfolk. Blackstone alipewa uhuru na safari ya bure kurudi Uingereza, na kabla hajaondoka akakamatwa tena kwa wizi wa dukani. Benki yenyewe ilianguka mwaka 1843.

Baada ya hapo serikali ilibana kwa karatasi. Tangu zamani mfungwa mwenye mwenendo mzuri aliweza kupewa cheti cha kujitafutia kazi mwenyewe ndani ya wilaya yake: aliyehukumiwa miaka saba alikipata baada ya minne, wa miaka kumi na minne baada ya sita, wa maisha baada ya minane. Kosa dogo la wizi lilikiondoa. Mwaka 1830, kwa ajili ya majambazi wa porini, ikapitishwa sheria iliyomruhusu mtu yeyote kumkamata yeyote anayemshuku kuwa mtoro, na aliyekamatwa ndiye athibitishe kuwa yuko huru. Watu huru kabisa, hata waliozaliwa pale, waliburutwa maili nyingi kwenda Sydney kwa sababu tu hawakuwa na karatasi mfukoni. Babu zetu wa Kenya walioning'inizwa kipande, kile cheti cha utambulisho, shingoni miaka ya 1920 wangeielewa sheria hiyo bila kufafanuliwa.

Kuwapeleka wafungwa New South Wales kulisimama mwaka 1840, Tasmania mwaka 1853, Australia Magharibi mwaka 1868. Jumla walikuwa kama 162,000, wanaume kwa wanawake.

Nimeacha kwa makusudi nusu ya swali la mwanafunzi wako: walimwibia nani? Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba nchi ile ilikuwa tupu. Haikuwa tupu. Kwenye kingo za mto Hawkesbury, kaskazini magharibi ya Sydney, wenyeji wa huko, watu wa Dharug, walikuwa wakichimba viazi vikuu vya porini. Kuanzia 1794 walowezi walifyeka kingo hizohizo wakapanda mahindi. Viazi vikaisha. Mahindi yalipoiva Wadharug wakaja kuvuna, na nyaraka za koloni zikaandika "wizi", na mwaka 1795 askari wakatumwa na bunduki. Mwaka 1804 wazee wao walimweleza Gavana Philip Gidley King ana kwa ana kwamba wamefukuzwa kutoka mtoni na kwenye chakula chao, wanaomba waachiwe sehemu chache zilizobaki upande wa chini wa mto. King aliona ombi hilo ni la haki, akaahidi. Ahadi haikuwafaa, ardhi iliendelea kuchukuliwa.

Kwa hiyo ukirudi darasani usianze na benki wala na ufunguo. Anza na mwanamke aitwaye Daringa, mke wa Colbee, mtu wa Gadigal, wenyeji wa Sydney. Mwaka 1791 mfungwa mmoja alikamatwa akiwa ameiba vifaa vyake vya kuvulia samaki. Gavana Phillip aliona hii ni nafasi ya kuwaonyesha wenyeji kwamba sheria ya Kiingereza inawalinda na wao. Akawaita waje washuhudie, mfungwa akafungwa, viboko vikaanza. Wenyeji walielezwa kosa ni nini na kwa nini mtu anapigwa. Walielewa. Lakini viboko vilipoendelea Daringa, mwenye mali, aliangua kilio. Na rafiki yake Barangaroo, mke wa Bennelong, akapandwa na hasira, akanyakua fimbo, akamwendea yule mchapaji akimtishia kumpiga.